Notisi moja, tarehe mbili: mpangaji aliyekubali kutoka mapema kisha akataka kurudi kwenye tarehe ya kwanza

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya pande zote mbili. Majina, mahali na kiasi cha kodi nimeviondoa, na tarehe nimezisogeza kidogo, ila idadi ya siku kati ya tukio moja na lingine nimeiacha ilivyokuwa. Mimi niliingia kama msuluhishi siku nne kabla ya nyumba kutakiwa kuwa tupu. Nakiandika kwa sababu mambo ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara watu hugombania kitu kisichohusika. Husema wanagombania notisi, kumbe notisi haijaguswa.

## Usuli

Mpangaji ni baba wa watoto wawili, na alikuwa amekaa katika nyumba hiyo miaka minne. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye kodi ya nyumba hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kipato chake. Mwaka wa kwanza mkataba ulikuwa wa muda maalumu, kisha ukaendelea mwezi kwa mwezi kwa masharti yaleyale. Yaliyo muhimu hapa ni manne: notisi ya miezi miwili kwa upande wowote, kodi hulipwa tarehe 1 ya kila mwezi, amana ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, na mabadiliko yoyote ya mkataba yawe kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Kaka wa mpangaji alisaini kama mdhamini wa kodi.

Hawakuwahi kukosana. Kodi ililipwa kwa wakati, bomba likiharibika lilitengenezwa, na simu zao za miaka minne zilijaa salamu kuliko malalamiko. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililowaponza: walipendana kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuandika.

## Mambo yalivyofuatana

Tarehe 29 Juni mpangaji alitoa notisi iliyochapwa, nakala mbili, zote zikasainiwa. Mstari wake mkuu ulisema: "Nitakabidhi nyumba tarehe 31 Agosti." Hapo kila kitu kilikuwa sawasawa.

Tarehe 18 Julai mama alimwandikia kwenye simu: "Mwanangu, nimepata watu wazuri wa kuingia ila wao mwisho wao ni tarehe 12 Agosti. Mnaweza kutoka tarehe 10? Kodi ya Agosti mtalipa siku 10 tu, zilizobaki nawasamehe."

Siku mbili baadaye mpangaji alijibu. Mazungumzo yenyewe ni mafupi, nayanukuu yote kwa kuwa kisa kizima kimelala humo:

"Shikamoo mama. Nimeongea na mwenzangu. Tutajitahidi tutoke tarehe 10 kama ulivyoomba."

"Marahaba mwanangu, ahsanteni sana. Basi nawaambia wale wenzenu wajiandae."

"Sawa mama."

Tarehe 22 Julai wapangaji wapya walilipa amana na kodi ya kuanzia tarehe 12 Agosti, na siku hiyohiyo wakamjulisha mwenye nyumba wao kwamba wanatoka. Jioni yake mama alitoa nakala yake ya notisi kabatini, akakata "31" kwa kalamu ya bluu, akaandika "10" juu yake. Alikuwa peke yake. Hakumwambia mpangaji, wala hakukusudia kughushi kitu. Aliniambia baadaye, "Niliandika nisije nikasahau," nami namwamini.

Tarehe 1 Agosti mpangaji alilipa kodi ya siku 10, si ya mwezi mzima.

Tarehe 3 Agosti alikwenda kuiona nyumba anayohamia, akakuta bafu halina mabomba na vigae vya sakafu vimefika nusu. Fundi akamwambia asitegemee kabla ya tarehe 28. Kesho yake mfanyakazi mwenzake alimshauri: mkataba unadai maandishi yenye saini, yale ya simuni hayahesabiki, andika notisi upya. Akaandika. Kichwa kilikuwa "Notisi iliyorekebishwa", na ndani yake: "Kwa notisi hii nakujulisha kuwa nitakabidhi nyumba tarehe 31 Agosti kama ilivyokuwa awali." Akaipiga picha, akaituma saa 4 usiku.

Haikuwa na salamu. Kwa miaka minne hakuna ujumbe wa kijana huyu kwa mama huyu uliokosa shikamoo, na huu ulikuja mtupu, ukiwa na tarehe na saini. Mama alipouleta kwangu, kabla ya kuzungumzia siku, kodi au watu wanaosubiri, alisema: "Hata salamu sikupewa."

Jibu lake la tarehe 5 Agosti lilikuwa la sauti, sekunde 20 hivi: tarehe 10 atabadilisha kufuli, na atakayekuwa ndani atajua mwenyewe. Tarehe 6 wakafika kwangu, kila mmoja na bahasha yake.

## Karatasi mbili mezani

Nilimwomba kila mmoja atoe nakala ya notisi. Zikalala sambamba. Ilikuwa karatasi ileile, maandishi yaleyale, saini zilezile mbili chini, ila moja ilisema 31 Agosti na nyingine 10 Agosti. Mpangaji aliinama, akaitazama ile kalamu ya bluu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii umeiandika lini?" Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona.

Kwa dakika chache nilidhani usuluhishi umekufa. Mtu akiona saini yake imekaa chini ya tarehe ambayo hakuiandika, hofu yake huacha kuwa ya siku za kuhama ikawa ya kudanganywa. Kilichookoa kikao ni kwamba mama hakujitetea. Alisema ameiandika yeye, akataja siku, akataja sababu. Nikamwomba aandike hayo pembeni ya karatasi na kuyasaini: "Tarehe hii niliibadilisha mimi peke yangu, 22 Julai." Akafanya hivyo. Tangu hapo tulizungumza kama watu.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuwa na mjadala: kufuli haliguswi. Nilimweleza mama kwamba hata kama mpangaji amevunja ahadi yake, hata kama muda wake umekwisha kabisa, katika nchi nyingi mwenye nyumba haruhusiwi kumfungia nje au kutoa vyombo vyake bila amri ya mahakama. Angebadilisha kufuli tarehe 10, yeye mwenye malalamiko ya haki angekuwa mshtakiwa kufikia tarehe 11. Alikasirika, ila alielewa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu, na baadhi ya wenzangu hawaukubali: nilikataa kusema nani ana haki. Sababu yangu si woga. Mkataba huu ulikuwa chini ya mfumo wa sheria uliotokana na ule wa Kiingereza, na katika mfumo huo kila mmoja wao alikuwa na pa kusimamia.

Mpangaji alisimama juu ya kile kipengele cha maandishi yenye saini. Si hoja ya kubeza. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya Rock Advertising na kampuni ya MWB iliyokuwa ikiipangisha ofisi mjini London. Zilikuwa zimebishana kuhusu makubaliano ya mdomo ya kupanga upya malipo yaliyochelewa, na mkataba wao ulikuwa na kipengele cha aina hiihii. Mahakama ikasema kipengele hicho kina nguvu, na makubaliano ya mdomo hayakuubadilisha mkataba.

Mama naye alisimama juu ya jambo ambalo mahakama hiyohiyo iliacha mlango wake wazi. Mtu aliyemfanya mwenzake ategemee neno lake, na mwenzake akachukua hatua kwa kulitegemea, anaweza kuzuiwa asilikane neno hilo. Mama alichukua pesa za watu wapya na kusamehe kodi ya siku 21, na watu wapya wakaachia nyumba yao. Mpangaji mwenyewe tarehe 1 Agosti alilipa siku 10 tu, kitendo ambacho hakielezeki isipokuwa kwa kukubali kwamba anatoka tarehe 10.

Nikawaambia yote mawili, mbele ya kila mmoja. Kesi ambayo kila upande unaweza kuishinda ni kesi ambayo kila upande unaweza kuipoteza, na wao walikuwa na siku nne.

Kisha nikauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu tarehe 3: "Unahitaji siku ngapi hasa?" Mpangaji akajibu 31 Agosti. Nikamwambia hiyo ni tarehe ya notisi, mimi nimeuliza unahitaji nini. Akasema fundi amesema 28. Nikamwomba ampigie fundi palepale, simu iwe ya kusikika na wote, na amuulize swali jingine: si lini nyumba itakwisha, bali lini kutakuwa na bafu moja linalofanya kazi na vyumba viwili vinavyofungwa. Fundi alifikiri kidogo, akasema tarehe 18.

Halafu mama akawapigia wapangaji wapya. Kama vile mpangaji, nao walikuwa wakitaja tarehe ya mwisho waliyotangaziwa, wala si ile wasiyoweza kabisa kuivuka. Baada ya kuongea na mwenye nyumba wao walirudi na jibu: wanaweza kubaki hadi tarehe 20 asubuhi, kwa kulipa siku 8 za ziada huko waliko.

Kati ya 31 na 10 palikuwa na siku 21 za ugomvi. Kati ya 18 na 20 palikuwa na nafasi ya kupita.

Pesa tulizihesabu kwenye karatasi moja, wote wakitazama. Mpangaji atatoka tarehe 19, hivyo ataongeza kodi ya siku 9, kuanzia tarehe 11 hadi 19. Siku 12 zilizobaki za Agosti zinabaki zimesamehewa. Wapangaji wapya wataanza kuhesabiwa kodi tarehe 20 badala ya 12, kwa hiyo mama anapoteza siku 8 kwao na kupata siku 9 kwa anayetoka. Wapangaji wapya wanalipa siku 8 za ziada kwao na wanaokoa siku 8 huku, na kwa kuwa kodi ya huko ni ndogo, hawakuumia. Hasara ya kweli iliyobaki ilikuwa moja: walikuwa wamelipa kishika nafasi cha gari la mizigo la tarehe 12, na mwenye gari hakirudishi. Mpangaji akasema atalibeba yeye. Kuhusu rangi iliyotakiwa kupakwa kabla ya wapangaji wapya kuingia, chumba kimoja na sebule vitaachwa wazi tarehe 17 ili fundi wa rangi apake, na vyumba vilivyobaki vitapakwa wapangaji hao wakiwa wameshaingia.

Hesabu hii ilichukua robo saa. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba alikuwa halali usiku kwa ajili ya pesa ambazo hazikuwa zinapotea.

## Karatasi tuliyoandika

Hapa ndipo pana fundisho lililonifanya nikae kuandika, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mama alitaka tuandike kwamba notisi imebadilishwa kuwa tarehe 19. Mpangaji alitaka tuandike kwamba notisi ya zamani imefutwa. Nilikataa yote mawili.

Notisi ni neno la mtu mmoja. Anayeitoa hahitaji kukubaliwa. Ikishapokelewa kwa masharti ya mkataba, inafanya kazi yake, na saa inaanza kuhesabu. Kwa sababu hiyohiyo, aliyeitoa hawezi kuirudisha peke yake. Na wote wawili wakikubaliana kuirudisha, sheria ya Kiingereza haisemi kwamba upangaji wa zamani umeendelea. Inasema umezaliwa upangaji mpya. Kesi ya Tayleur dhidi ya Wildin ya mwaka 1868 inaonyesha jambo hili linavyouma: notisi ilitolewa, kisha ikaondolewa kwa makubaliano, mpangaji akaendelea kukaa, na kodi ilipokuja kukosekana mdhamini akaonekana hadaiwi, kwa kuwa yeye aliudhamini upangaji wa zamani. Kama ningewaandikia "notisi imefutwa", mama angebaki na mpangaji wa mwezi kwa mwezi asiye na tarehe ya kutoka, na bila mdhamini.

Makubaliano ya kutoka mapema ni kitu kingine. Ni neno la watu wawili, na halikai mahali pa notisi. Linakaa juu yake. Notisi inabaki chini kama ukuta wa nyuma: lolote litakalotokea, 31 Agosti upangaji umekwisha. Makubaliano yanasema tu kwamba nyumba itarudishwa kabla ya hapo, kwa masharti haya na haya.

Ukiliona hivyo, makosa ya pande zote mbili yanajitokeza yenyewe. Kalamu ya bluu ya mama ilijaribu kuandika neno la watu wawili ndani ya karatasi ya mtu mmoja. "Notisi iliyorekebishwa" ya mpangaji ilitangaza tarehe ambayo tayari ilikuwepo tangu Juni na haikuhitaji kutangazwa. Alichohitaji yeye ni kufunguliwa kutoka kwenye ahadi ya pili, na kufunguliwa huombwa. Hakutolewi notisi.

Basi tukaandika hivi:

"Notisi ya 29 Juni inabaki kama ilivyoandikwa, na upangaji hautapita tarehe 31 Agosti. Pande zote zinakubali mpangaji ahame mapema, tarehe 19 Agosti. Makubaliano haya yanachukua nafasi ya ujumbe wa simu wa 18 na 20 Julai na barua ya 4 Agosti. Mpangaji atalipa kodi ya siku 9 kabla ya tarehe 11, pamoja na kishika nafasi cha gari la wapangaji wapya. Kodi ya tarehe 20 hadi 31 haitadaiwa akihama tarehe 19. Akipitisha tarehe hiyo, kila siku ya ziada italipiwa mara mbili."

Mstari wa mwisho ulimshtua mpangaji. Wazo lenyewe ni la zamani: sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1737 ilimpa mwenye nyumba haki ya kudai kodi mara mbili kwa mpangaji aliyetoa notisi mwenyewe kisha asitoke. Nilimweleza kwamba hapa hauko kwa ajili ya kumwadhibu. Upande wa pili wa karatasi kuna familia itakayokuwa barabarani na vyombo vyake. Akasaini. Kaka yake mdhamini alifika jioni, akasoma, akasaini. Sheria huenda isingemdai saini hiyo, kwa kuwa notisi haikufutwa, lakini sikutaka kuacha nafasi ya ubishi. Zikatoka nakala tatu, na kila ukurasa ulipigwa picha na wote wakiwa wamekaa hapo.

## Matokeo

Siku 9 zililipwa tarehe 9 Agosti. Tarehe 17 sebule na chumba kimoja vilikuwa wazi, rangi ikapakwa. Tarehe 19 saa 3 usiku mzigo wa mwisho uliondoka.

Funguo, hata hivyo, hazikurudi usiku ule. Mpangaji alibaki nazo ili mkewe aje asubuhi kupiga deki, jambo la heshima kwa kweli. Gari la wapangaji wapya lilifika tarehe 20 saa 2 na nusu asubuhi. Funguo zilikabidhiwa saa 4 na dakika 40. Kwa saa mbili na dakika kumi familia ilikaa kwenye kivuli cha gari, kitanda cha mtoto kikiwa kimeegemezwa ukutani, ikimtazama mtu akipiga deki kupitia dirishani.

Mama akataka kukata kodi ya siku moja, mara mbili, kwenye amana. Mpangaji akasema alihama tarehe 19 kama alivyoandika. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu neno nililoliandika mimi lilikuwa "ahame". Notisi yake ya Juni, aliyoiandika mwenyewe bila msaada wa mtu, ilisema "nitakabidhi". Yeye alichagua neno sahihi kuliko msuluhishi. Kuhama ni kutoa vyombo. Kukabidhi ni kurudisha nyumba mkononi mwa mwenyewe, na funguo ndizo zinazolithibitisha hilo. Niliwaambia wote wawili kwamba kosa ni langu, na mama akaacha dai lake. Amana ilirudi baada ya wiki tatu, ikiwa imepunguzwa gharama ya kioo kimoja cha dirisha ambacho hakikubishaniwa.

## Uchambuzi

Wengi niliowasimulia kisa hiki hukimbilia neno "tutajitahidi". Wanasema hapo hakuna ahadi, mtu amesema atajaribu tu. Nakubaliana nao kwa nusu. Kwa Kiswahili chetu "tutajitahidi" linabeba mambo mawili kwa pamoja: ni nia njema, na ni mlango wa nyuma. Mpangaji aliliandika akiufikiria mlango, mama akalisoma akiiona nia. Hakuna aliyedanganya.

Lakini ahadi haikufungwa pale. Ilifungwa mistari miwili baadaye. Mama alisema waziwazi atakachofanya kwa kutegemea jibu lile: anawaambia wenzao wajiandae. Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kusema "Mama subiri kwanza, nyumba tunayohamia haijakamilika, nitakuthibitishia tarehe 1." Ni sentensi moja tu. Badala yake likaja "Sawa mama", na sawa hiyo haikuwa ya kujaribu tena. Nilimuuliza alikuwa anawaza nini alipoiandika. Akasema hakuwaza, alikuwa anamaliza mazungumzo kwa adabu. Namuelewa kabisa, kwani nami huandika "sawa" za namna hiyo mara kumi kwa siku. Ila kwa mtu mzima anayetaka kupokea pesa za watu wengine kwa neno lako, adabu ilikuwa kumzuia.

Mama naye alikuwa na nafasi yake. Aliona "tutajitahidi" na hakuuliza. Kati ya tarehe 20 na 22 alikuwa na siku mbili za kuandika mistari minne na kupata saini, kwa mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe. Aliniambia aliona aibu kumdai saini mtu anayemwita mama. Hilo ni gumu kulijibu. Nilichomwambia ni kwamba watu wa tatu, wale waliolipa, hawakuwa sehemu ya ule undugu, na walistahili karatasi.

Kuhusu ujumbe wa tarehe 4 Agosti, nadhani simu ya dakika tano ingemaliza yote. Tarehe 3 zilibaki siku saba. Watu wapya wangeweza kupanga upya hata gari lao. Ushauri wa kuandika "notisi" ulimgeuza mwombaji kuwa mtangazaji, na ulimfanya ataje siku 21 wakati alihitaji 9. Anayetumia karatasi rasmi kuogopesha hulazimika kudai kila kitu kilichoandikwa humo.

Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni simu mbili zilizopigwa kikaoni, kila mtu akisikia. Fundi alipotaja 18, mama aliisikia kwa masikio yake na hakuhitaji kumwamini mpangaji. Kuhesabu pesa kwa siku badala ya kwa haki pia kulifungua vifua.

Kilichoharibika upande wangu ni zaidi ya neno moja. Wapangaji wapya sikuwaita. Wao ndio waliokuwa na la kupoteza zaidi, na niliwasikia kupitia simu ya mtu mwingine. Wangekuwa mezani, wa kwanza kuuliza "funguo tunazipata saa ngapi?" wangekuwa wao. Fomu ninayotumia sasa ina mistari mitatu ambayo haikuwemo: saa ya kukabidhi, mtu atakayezipokea funguo, na saini ya anayeingia kama yupo.

Mpangaji alimpigia mama simu mwezi uliofuata kumjulia hali. Mama aliniambia walizungumza vizuri, kwa ufupi, na kwamba bado ile picha ya saa 4 usiku hajaifuta.